Betri Niliyoianika Juu ya Bati

Nakumbuka asubuhi moja ya Iringa, mwezi wa baridi, ukungu umekaa uani kwa bibi kama mgeni asiyejua kuaga, nami nimejifunika blanketi nachungulia mlangoni. Usinicheke bado, mwanangu, ya kuchekea yako mbele. Nilizaliwa mtu wa ndani. Kuku wa bibi waliujua mji kuliko mimi.

Mwaka ule mjomba alikuwa na shamba la mpunga Madibira, akataka kijana wa kwenda kukaa huko kufukuza ndege mpaka mavuno. Vijana tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu Idrisa. Tukaamua magari yatuamulie. Kila mmoja wetu alikuwa na kigari cha rimoti kutoka kwa muuza mitumba wa Mwanjelwa, tulipokwenda Mbeya harusini. Tukakubaliana vizunguke uwanja wa mpira baada ya swala ya Alasiri. Kitakachozima kwanza, mwenye nacho apande basi la Madibira. Mjomba akasema sawa, mradi ndege wasile mpunga wake.

Sasa, ndani ya kigari cha namna ile kuna kontrola, kiboksi kinachogawa nguvu ya betri kwenda kwenye mota. Yangu ilikuwa na tabia ya kuniudhi: betri ikikaribia kuisha, inapunguza mwendo, kisha inakata. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne, ambacho upande wa fizikia hakisomwi mbele za watu, nikaona huo ni uvivu. Pembeni palikuwa na kipini cha kuchagulia aina ya betri. Betri yangu ilikuwa ya lithiamu. Nikakihamishia upande wa zile za nikeli za zamani, ambazo kontrola haizionei huruma, haikati mapema.

Jioni ya kuamkia mashindano nikakijaribu. Kikaenda, kikaenda, mpaka nikajiona nimelala kitandani kwangu maisha yangu yote, mvua inapiga bati, Idrisa yuko mbali anapigia ndege kelele. Idrisa mwenyewe alikuwa ameketi ukutani anatafuna mahindi. Akaniuliza mbona leo hakichoki. Nikamwambia gari hufuata tabia ya mwenyewe. Akacheka mpaka punje zikamtoka.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Asubuhi ile ya ukungu nilikuta chaja inawasha taa nyekundu tu, betri haipokei kitu. Imekauka.

Kwetu betri za redio zikichoka huanikwa juani. Mchana zinapata uhai kidogo, bibi anasikiliza taarifa ya habari. Nikangoja. Ukungu ulipopanda na jua kutoka, nikaipanga yangu juu ya bati la jiko, sambamba na zake, nikajilaza chini yake kwenye mkeka. Mawingu yalipita polepole. Nikaota mpunga, kijani kitupu hadi upeo wa macho, na mimi sina miguu.

Nilipoamka, bibi alikuwa amekuja kuchukua betri zake. Yangu ilikuwa imevimba kama andazi. Hakupiga kelele. Aliiopoa kwa upawa, akaiweka kwenye mchanga mbali na nyumba, kisha akakaa, nikamweleza habari ya kipini.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi zangu naanika kwa sababu zimezeeka, nazibembeleza zinimalizie habari. Yako ilikuwa kijana. Tena ilikuwa na wa kuisemea ikichoka, ukamziba mdomo. Sasa nani angekwambia?"

Nikaanza kukunja mkeka.

"Haya, kafunge begi. Sweta usisahau."

"Madibira joto, bibi."

"Basi acha sweta, beba aibu."

Alasiri kigari cha Idrisa kilizunguka uwanja peke yake, mara moja, kwa heshima tu.

Madibira nilikaa juu ya dungu, kichanja cha kulindia ndege, maji ya mifereji yakibeba mbingu vipande vipande. Kwenye dungu la jirani alikuwepo binti akigonga debe kuwafukuza ndege, sauti yake inakuja juu ya mpunga kama inatoka usingizini. Ndiye huyu anayenigombeza sasa hivi hapa Iyunga kwamba chai inapoa. Nilisukumwa kutoka nyumbani mara moja tu maishani, nikarudi na nyumba.

Lakini usije ukasema kuua betri kunaleta mke. Idrisa hakuua, na anaye vilevile.

Basi sikia, mwanangu. Ukienda kununua vifaa vya kigari, uliza kwanza mota inakula umeme kiasi gani, kisha chukua kontrola yenye kifua zaidi ya hapo. Soma inakubali betri ya seli ngapi, usiipe zaidi kwa tamaa ya mwendo. Betri nayo iwe na uwezo wa kutoa kile mota inachoomba. Mwambie kontrola ukweli kuhusu aina ya betri, ili ijue pa kukata. Iliyovimba usiichaji kamwe, na lithiamu si ya kuanika. Na popote utakapokuwa, barabarani, kazini, hata kwenye ndoa, anayekwambia inatosha usimzibe mdomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliponea kwa kupelekwa kufukuza ndege.

Mungu akupe mwendo unaokutosha, akuwekee karibu mtu wa kukwambia umechoka, na akupe sikio la kumsikia kabla jua halijakuvimbisha. Amina. Ngoja nikanywe hiyo chai.