Mtungi Uliomwinamia Shangazi

Harufu ya udongo wa mfinyanzi uliolowekwa hunirudisha mbio Mbozi, kwenye kiangazi kile cha enzi za Mwingereza nilipokuwa bado nang'oka meno. Mahindi na ulezi vilishaingia ghalani, baridi ya asubuhi ilituuma masikio, na kina mama walipata nafasi ya kupumua. Kwetu, hata hivyo, hewa ilikuwa nzito. Mama aliazima chungu cha shangazi Tabita, dada yake baba, nacho kikarudi na ufa. Shangazi alisema kimepasukia kwetu; mama akaapa kilikuja vivyo hivyo. Tangu hapo hawakusemezana, nami nikakatazwa kukanyaga kwa shangazi, alikoishi binamu yangu Lusia, kipenzi cha roho yangu. Majirani hawakujiingiza. Ndugu wakigombana, walisema, chukua jembe ukalime. Mimi na Lusia hatukutaka jembe, tulitaka kucheza.

Kando ya kanisa la misheni palikuwa na chumba kidogo cha makumbusho, sisi tukikiita nyumba ya vitu vya wazee. Humo, karibu na dirisha, ulikaa mtungi mkubwa wa zamani, mweusi kwa moshi, shingoni umechorwa mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka. Mwalimu Eliza, mtunza chumba, hakupenda watu wauchungulie tu na kwenda zao. Akawaita wanawake wanaojua udongo waje wautazame vizuri, kisha wafinyange mwenzake pale uani, na watoto tuuchore shingo. Mama na shangazi ndio waliokuwa mafundi wakubwa, basi wote wawili walikuja, kila mmoja akidhani mwenzake ataona haya kuja. Mimi na Lusia tulikutana kwenye rundo la udongo, tukashikana mikono yenye matope na kucheka bila sababu.

Kwetu mtungi hauzungushwi. Mfinyanzi ndiye anayeuzunguka, kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Mtungi wa ukubwa ule huzungukwa na wawili, mmoja akimfuata mwenzake, ili mkono wa huyu usawazishe wa yule. Sasa mama na shangazi, kwa kukataa kufuatana, kila mmoja alijisimika upande wake kama kigingi. Mama alivuta ukuta mwembamba, shangazi akauacha mnene. Walipofika shingoni, mtungi ukaanza kumwinamia shangazi, taratibu, kama mtu anayesinzia ibadani. Kila mtu alijua kuwa udongo wa wenye kinyongo hauuvuki moto, na huu ukivunjika mbele ya watu wote, mimi na Lusia tungebaki kuonana kanisani tu, kwa mbali. Nikaangua kilio.

"Mama, unaanguka!"

Mama akasahau hasira. "Wifi, shika huko!"

"Nimeshika! Zunguka basi, wifi, umesimama nini? Zunguka!"

Wakazunguka, wakikanyagana nguo, wakihema, mmoja nyuma ya mwenzake. Mtu akaanzisha wimbo, uani pote tukapiga makofi. Mtungi uliposimama, shangazi alicheka mpaka akaketi chini. "Na kile chungu changu, wifi," alisema akijifuta machozi, "kilikuwa na kaufa kadogo."

"Kadogo," mama akajibu, "nami nikakamalizia."

Sijawahi kufurahi vile. Tulichora shingo ile mimi na Lusia, mistari yetu ikipinda hovyo, na siku ya kuchoma kwa nyasi na magome mtungi ulitoka mzima. Uliwekwa kando ya ule wa zamani, ukiwa bado umeinama kidogo upande wa shangazi.

Siku hizi maji hukaa kwenye ndoo za plastiki, zisizohitaji mikono ya wawili, na watu wakikosana kila mmoja hufunga geti lake. Mwaka jana mimi na Lusia, vikongwe sasa, tulinuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba la kahawa. Nikakumbuka kuwa udongo uwahi ungali maji. Nikakanda donge, nikalifunga kwa jani la mgomba, nikampa mjukuu alipeleke. Halijakauka, Lusia akasimama mlangoni kwangu akiwa nalo mkononi, ameegemea fimbo, anacheka na pengo lake.

"Zunguka basi," akaniambia. "Umesimama nini?"