Do ya King'ora

Nikiulizwa nilijifunzia wapi kuchanganya jazi na klasiki, huwa nataja vyuo. Ni jibu la uvivu, tena la uongo. Dar es Salaam tuna kikundi cha watu wanne: fidla, besi, ngoma, na mimi kwenye piano. Tunaanza na kipande cha Mzungu wa zamani, kila nota mahali pake, wageni wametulia utadhani wako msibani, halafu katikati tunauachia wimbo uende unakotaka. Watu wanapenda sana. Mimi kila tukifika hapo pa kuuachia namkumbuka tata, na naumia. Tata ndivyo tulivyomwita baba yetu, kwa Kikurya, na sijapata neno jingine linalomtosha.

Tata alipiga saksafoni kwenye bendi moja ya jazi Musoma, kabla sijazaliwa. Bendi ilipovunjika alirudi kijijini kwao Genkuru na saksafoni ndani ya gunia, akaoa, akalima mahindi na ulezi, na baada ya miaka akawa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Nyimbo zilikuwa za Wajerumani wa kale, za sauti nne, zimeandikwa kwa do re mi kwenye madaftari ya shule. Yeye akaziongezea sauti ya tano, saksafoni. Wazee wa kanisa wakagoma. Chombo cha baa, walisema, hakiingii nyumbani mwa Bwana. Baada ya vikao visivyoisha wakakubali mwalimu akipige, ila asimame nacho nje. Basi kila Jumapili tata alisimama nje ya dirisha la kushoto, juani, katikati ya maboga ya mchungaji, anapuliza kuelekea ndani. Kwaya inaimba imenyooka, na kutoka dirishani inaingia ile sauti yake, inachelewa kidogo, inateleza, inazunguka, halafu inafika pamoja na wenzake mwisho wa mstari. Nilidhani makanisa yote duniani yana mtu dirishani.

Kinanda hatukuwa nacho. Na kwaya lazima ipate pa kuanzia, do moja ya kushikwa na wote. Tata aliipata kwenye mgodi wa dhahabu uliokuwa jirani. Kila jioni, kabla ya kulipua miamba, mgodi ulipiga king'ora ili watu wakae mbali, na kilisikika mpaka kwetu. Mazoezi yakapangwa kukifuata. King'ora kikilia, tata anainua mkono, kwaya nzima inaguna do pamoja nacho, mlipuko unatikisa madirisha, vumbi linadondoka kutoka kwenye kenchi, na wimbo unaanza. Juu ya kila wimbo katika daftari lake, mahali ambapo walimu wengine huandika ufunguo, yeye aliandika: Do = king'ora.

Mwaka mmoja tulialikwa kuimba Tarime mjini. Kwaya yetu ikapanda mbele, ikajipanga mistari yake, ikasimama kimya. Ikazidi kusimama. Besi wakawa wanachungulia dirishani. Walikuwa wanasubiri king'ora! Watu walipoanza kucheka, tata alifumba macho, akaguna do kutoka kooni mwake, ileile, na wote wakaidaka. Mama, aliyekuwa akiongoza sauti ya pili, aliisimulia safari hiyo miaka na miaka, na kila mara alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Kati ya nyimbo zote, mmoja aliutunga tata mwenyewe, wimbo wa mavuno. Sauti ya pili aliiandika kwa kufuata koo la mama, na saksafoni ikawa inaizunguka sauti hiyo tu, wengine haina habari nao. Wanakwaya walijua. Walificha nyuso kwenye madaftari wakicheka, na mama akajifanya hasikii.

Nilipofaulu darasa la saba nikapelekwa sekondari Issenye, upande wa Serengeti. Kanisani huko kulikuwa na kinanda cha kupampu kwa miguu, na mwalimu mmoja wa kike akanifundisha kukipiga na kusoma nota za kwenye mistari. Nilipofika kidato cha tatu akanizawadia chuma kidogo cha kupimia sauti, chenye meno mawili. Ukikigonga gotini kinatoa nota moja tu, hiyohiyo kila siku, hiyohiyo kila mahali duniani. Nilikipenda kuliko nguo zangu. Likizo ya Desemba nikarudi nacho Genkuru, kichwa kimevimba.

Siku ya mazoezi king'ora kikalia, kwaya ikaguna. Mimi nikagonga chuma changu gotini, nikakiweka sikioni, nikapima. Kisha nikacheka, kwa sauti.

"Tata, hiyo do yenu haipo."

"Haipo wapi, mama?" Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Kwenye kinanda. Iko katikati ya nota mbili. Miaka yote hii mnaimba nota ambayo haipo."

Mama alinikata jicho ambalo nalikumbuka hadi leo. Tata aliomba akishike kile chuma. Akakigonga kwenye fremu ya dirisha, akakisikiliza kwa makini, kama mgonjwa anayeelezwa dawa za kumeza.

"Sawa, mama," akasema. "Wewe ndiye umesoma. Tufundishe."

Na mimi, bila haya, nikawafundisha! Nikawapa do safi ya kinanda, chini kidogo ya ile waliyoizoea, na nikawarudisha kila walipopanda. Jumapili iliyofuata dirishani hapakuwa na mtu. Tata aliongoza kwaya akiwa ndani, chuma changu mkononi. Tulipomuuliza, alisema pumzi zimepungua. Saksafoni ikapanda juu ya kabati, na huko ikakaa. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Nilihitaji miaka mingi na walimu wengi ndipo nigundue kwamba watu wa jazi wanaitafuta kwa udi na uvumba nota ileile niliyoicheka. Mpiga fidla wetu anaipata kwa kutelezesha kidole, na ukumbi unaguna kwa raha. Mpiga besi naye anaipata. Mimi peke yangu pale jukwaani sina, kwa sababu piano ina vibao vyake na katikati ya vibao hakuna kitu. Nilipanga kumwambia tata. Kila likizo nilipanda basi nikiwa na maneno tayari, na kila likizo tukaishia kuzungumza habari za ng'ombe. Alifariki mwaka juzi, na maneno yangu ninayo mpaka leo.

Kumbukumbu ya mwaka mmoja ilipokaribia, mama akanipigia simu. "Uje na kinanda. Nataka ule wimbo wake wa mavuno. Kama ulivyokuwa."

Mama hakuwa ameimba tangu mazishi. Kanisani alisimama na kwaya akafungua daftari, lakini mdomo hakuufungua. Nilijua anachoniomba, na nilijua ni nani aliyekiharibu.

Kutoka Nyamongo nilichukua bodaboda, kinanda kimefungwa kwa kukingama nyuma yangu, na dereva akalalamika njia nzima kwamba abiria kama mimi tunastahili lori. Asubuhi ya kumbukumbu, kabla watu hawajafika, nilikuwa nimeshakipanga sebuleni, karibu na dirisha linalotazama kaburi la tata. Mama alikaa kwenye kigoda na ungo wake, anapepeta ulezi wa uji wa wageni.

Kwanza nilipiga kwa mbwembwe za Dar es Salaam, kodi nzito za kupendeza, nota nne tano kwa mpigo mmoja.

"Hapana," mama akasema, bila kuinua macho.

Nikachukua daftari la tata, nikapiga kama lilivyoandikwa, nota kwa nota.

"Hapana. Huo ni ule wa chuma."

"Mama, daftari linasema do ni king'ora. King'ora kiko wapi?"

"Kilishabadilishwa. Siku hizi wana kingine, kinalia kama ndama." Akapepeta, makapi yakaruka. Kisha akasema, taratibu tu, "Unajua tata yako pumzi zake hazikuwa na shida yoyote?"

Nikaondoa mikono kwenye kinanda.

"Alikuwa akipuliza moto, majivu yote kwenye mboga. Nilimwambia, shusha saksafoni yako, acha utoto. Akasema, huyu mtoto siku moja atakuja hapa na wasomi wenzake, wanikute dirishani napuliza nota ambazo hazipo? Nisimwaibishe."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Nililaza kichwa juu ya kinanda nikalia, na kwa kuwa kilikuwa kimewashwa, paji langu likapiga sauti mbaya ajabu, na mama akaangua kicheko. Ndivyo alivyo. Nikacheka nami, kamasi zinanitoka.

"Anza wewe, mama," nikamwambia. "Toa do yake."

"Sauti imeshakufa hii."

"Toa tu."

Aliweka ungo chini, akakohoa, akafumba macho kama alivyofumba tata siku ile ya Tarime. Akaguna. Nilitafuta kwenye kibao kimoja, ikawa juu yake. Nikatafuta kwenye kinachofuata, ikawa chini. Ilikuwa katikati, palepale nilipoicheka, haijasogea hata kidogo. Kinanda changu ni cha umeme, na kina kitufe cha kupandisha sauti zote kidogokidogo, sikuwahi kukihitaji. Nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka kinanda kikakutana na koo la mama.

Tuliuimba wote. Kwa mkono wa kushoto nilipiga sauti za kwaya, na kwa wa kulia nikajaribu kumfuata tata, nikichelewa anapochelewa, nikizunguka sauti ya pili peke yake. Sauti ya mama ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Kaburi lilikuwa pale nje, hatua chache kutoka dirishani. Watu walipofika tukauimba tena pamoja na wanakwaya wa zamani, na hakuna aliyeuliza pa kuanzia. Ningetoa chochote anisikie nikisema: tata, ilikuwepo.

Wageni walipoondoka nikanyoosha mkono kuzima. Mama akanishika.

"Usizime. Acha do yake ikae hapo."

Basi nilikiacha, kikiwaka, taa yake ndogo nyekundu chini ya dirisha, nikarudi Dar es Salaam mikono mitupu. Juzi nikampigia.

"Shikamoo, mama. Kinanda kinawaka bado?"

"Marahaba. Kinawaka. Wiki iliyopita umeme ulikatika, nikaogopa, lakini uliporudi nikakiwasha mwenyewe. Kiko vilevile. Kila jioni nabonyeza ile do yake, naguna nayo. Haijasogea."

Nakijua kinanda changu. Kikizimika kinasahau kila kitu na kurudi kwenye do ya chuma. Labda masikio ya mama yamechoka. Labda anasikia vizuri kabisa na ananificha. Nilishafungua mdomo nimweleze, maneno yote ya kitaalamu yamejipanga, nota gani, kitufe gani, abonyeze mara ngapi.

"Sawa, mama," nikasema.