Mashine Iliyokula Raba

Juzi mjini Kakamega nilimwona fundi akikandamiza soli ya raba kuukuu kwenye mashine ya msasa inayozunguka. Harufu ya mpira uliopata moto ilinirudisha Shinyalu, kwenye karakana ya baba nyuma ya jikoni.

Mashine yake ilinguruma mpaka kuku wakakimbilia migombani. Akishalainisha mbao za mkaratusi, nyusi zimejaa unga mwekundu, alichukua soli ya raba zilizombana kaka, akaisukuma pale polepole, ikapungua huku nikitazama.

Sasa najua mpira hung'oa unga ulioganda kwenye msasa. Wakati huo niliamini mashine inalishwa, tena inapenda viatu vya watoto. Na shangazi alikuwa ameniletea raba mpya nyeupe za kanisani.

Alasiri moja soli ya kaka ilibaki kipande kama kidole. Baba, aliyeniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mamake, akasema, "Mama, hebu niangalizie raba nyingine huko ndani."

Nilirudi na bonge la obusuma baridi.

"Ya nini?"

"Ipe hii. Pengine haijawahi kuonja ugali."

Baba alizima mashine, akatazama raba nyeupe miguuni pangu. Hakucheka. Alipokea obusuma, akanipa mgongo, mabega yakitikisika. Alipogeuka, mikono ilikuwa mitupu na mashavu yamejaa.

"Imemaliza," alisema kwa shida. "Inasema asante."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikiiwekea mashine tonge lake kila mchana. Haikubakisha hata moja.