Nimewaalika Wakwe Kula Uyoga Wangu, na Sasa Nauogopa

(Aliyeandika ni mzee wa mlimani. Jina lake tunalo, tumelificha kama alivyoomba. Msomeni kwa heshima.)

Bwana Mhariri na ninyi wasomaji wote, nawasalimu. Shule nilisoma kidogo tu na herufi zangu ni kubwa kama kwato za ng'ombe, lakini zinasomeka. Miaka yangu siijui. Reli ilipofika Moshi mimi nilikuwa tayari na mke na kihamba, shamba langu la migomba na kahawa. Mke amefariki. Nakaa na mwanangu wa mwisho, mkewe, na mtoto wao mchanga anayenyonya.

Mlima huu wote nani anapanda uyoga nyumbani? Ni mimi. Wengine wanaungoja porini kama nyani. Mimi nalaza magogo ya migomba, nafunika kwa majani yake makavu na maganda ya kahawa, namwagia maji niliyooshea uyoga wa zamani. Mvua ikinyesha unachomoza kama mayai ya kuku. Mwalimu wa shule alikuja kutazama, akaondoka anatikisa kichwa. Na kwangu kuna desturi: ukipikwa naonja mimi kwanza, peke yangu. Kesho yake wakiniona nimeamka mzima, nao wanakula.

Mwaka huu majani makavu hayakutosha, nikaleta mengine kutoka ukingoni mwa msitu. Mvua za kwanza nikajaza kikapu. Mkamwana wangu, ambaye ni mtu wa Kahe, akawa anaugeuzageuza jikoni. Uyoga wetu ukishachanua, chini yake ni mwekundu kidogo, kama ulimi wa ndama. Akasema taratibu, "Baba, samahani. Huu mwingine chini ni mweupe."

"Mtu wa Kahe anifundishe mimi uyoga? Ninyi mnajua mpunga na mbu!"

"Ndiyo, baba. Lakini hebu tazama."

Nikatazama. Jamani, sikuona kitu. Nikautoa mlangoni kwenye jua, nikausogeza mpaka puani, wote rangi moja. Macho yangu yana ukungu tangu mvua za mwaka jana na sijamwambia mtu.

Kwa ubishi nikachukua ule alioutenga, nikauchemsha, nikampa mbwa wangu Askari. Akala, akaramba sufuria. Kesho yake anafukuza kuku uani. Nikamwambia mkamwana, "Haya, mwone marehemu wako anavyokimbia!" Jioni ile Askari akaanza kutapika. Kulipokucha nilimkuta kwenye migomba, amekakamaa.

Nilimzika mwenyewe, nikasema amechukuliwa na chui. Mwanangu akaamini. Mkewe akainamisha macho.

Mnaelewa kinachonitetemesha? Desturi yangu ni kungoja kesho yake tu, na kesho yake Askari alikuwa mzima! Ningeonja, ningeamka, ningewaambia kuleni. Halafu tungelala nyumba nzima tusiamke, na mama wa yule mchanga mmoja wetu.

Na Pasaka mtoto anabatizwa. Nilishatangaza nje ya kanisa, mbele ya wakwe waliopanda kutoka Kahe: "Siku hiyo mtori wa ndizi utapikwa kwa uyoga wangu, nyama mtaisahau!" Jirani akaniita kama wazee tunavyoitwa huku, "Meku, usije ukatulisha maganda ya kahawa!" Watu wakacheka, nami nikaapa.

Mtasema, si uwaambie tu uyoga hakuna? Upo, unachomoza kila asubuhi, kila apitaye anauona. Nikisema umeingiliwa na mbaya, wataniambia, basi wewe fundi utuchagulie mzuri. Nichague kwa macho gani? Wanangu wakubwa wanangoja siku nitakayokiri kwamba sioni. Mmoja alishasema, "Baba akishindwa macho atugawie kihamba, akae na kigoda chake karibu na moto." Mimi! Niliyefyeka kihamba hiki kwa mikono yangu!

Jana mkamwana kaniletea uji. Hakuondoka.

"Baba, siri yako sitaitoa. Lakini chungu hicho cha Pasaka mimi sitakipika."

"Mumeo atakuuliza sababu."

"Aniulize. Hata anipige. Mtoto ni wangu."

Naona chungu kinachemka, naona wakwe wananyoosha mabakuli, na huyo binti amesimama pembeni anapigwa kwa ajili yangu. Sijawahi kuogopa hivi, hata chui nilipokutana naye uso kwa uso sikuogopa hivi.

Nishaurini ninyi mliosoma, na jibu lije mapema. Panga ninalo, kitalu cha uyoga naweza kukifyeka na kukichoma asubuhi moja. Kinachonishinda ni mdomo. Namwita mwanangu, anaitika, "Naam, baba," anakuja anasimama mbele yangu, nami namwuliza habari za mbuzi. Mtu akitaka kuwaambia wanawe kwamba haoni, anaanza na neno gani?