Lavenda Yenye Cheti

Juzi, katika duka la manukato karibu na Ngome ya Yesu, mnunuzi wa kiwanda cha sabuni aliulizia mafuta ya lavenda ya kilimo hai, madumu kumi. Mwenye duka, mama wa makamo, akazibua chupa ya kuonjesha.

"Lete mkono, mwanangu, nikupake unuse."

Mnunuzi akautia mkono mfukoni. "Cheti cha kilimo hai kwanza, mama."

Akaletewa. Akakiinua kwenye mwanga, akaupapasa muhuri, akakipiga picha mbele na nyuma.

"Safi kabisa! Nitaagiza." Akaondoka.

Yule mama akajipaka mwenyewe, akanusa, akashika kinywa.

"Subhanallah! Kumbe nimezibua asmini!"

Sabuni hiyo ikifika madukani, wasomaji wangu, isomeni tu. Msiinuse.