Kipande cha Nne

Shamte hachukui kitabu maktaba kabla hajasoma ukurasa wa mwisho. Husimama pale pale kati ya rafu, miwani puani, akafungua nyuma kwanza, akaridhika, ndipo arudi mwanzo. Mkewe, Khairiya, husema huo ni ugonjwa. Wahudumu wa maktaba kule Lewisville, Texas, wamekwisha kumzoea. Lakini mtu hazaliwi na tabia kama hiyo. Alitiwa, na aliyemtia anajulikana kwa jina.

Shamte alikuwa darasa la nne, Wete, Pemba, na darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Mwalimu wao, Bi Nusra, hakuwa mtu wa kulalamika. Alichukua wembe akakikata vipande vinne, akavishona kwa uzi mweusi na kuvipa majalada ya karatasi ya mfuko wa saruji. Kila wiki mlibadilishana, ila kwanza usome ukurasa mmoja mbele ya darasa, ajue hukukikalia bure.

Hadithi ilimhusu Bi Mize, fundi aliyeibiwa cherehani. Basi mwanamke yule akawa anapita mtaani akichungulia mapindo ya nguo za watu, maana mshono wa cherehani yake angeutambua hata usingizini. Kipande cha kwanza Shamte alikisoma akasahau kula. Cha pili alikisoma msalani. Cha tatu kiliishia Bi Mize akiwa nje ya nyumba moja, anaisikia cherehani yake ikilia ndani. Akabisha hodi, na mlango ukafunguliwa na…

Na nani? Hilo lilikuwamo kwenye kipande cha nne, na kipande cha nne alikuwa nacho Abdulhafidh. Kila siku ya kubadilishana Abdulhafidh alikuwa na jino linauma, au amekisahau nyumbani. Wakati wa mapumziko, hata hivyo, aliwasimulia wenzake mwisho bila kuombwa mara mbili: leo mlango kafungua jambazi, kesho kafungua shekhe, keshokutwa jini. Shamte alitamani kumkaba. Muhula haujaisha, baba yake Abdulhafidh akahamishiwa Tanga kikazi, na kipande kikaenda nao.

Ndipo Shamte alipoanza kusoma kama mtu aliyepotelewa na kitu. Alimaliza kabati la skuli, akahamia riwaya za upelelezi za kuazima, zilizopita mikono mingi mpaka kurasa zikalainika kama leso. Alipofika Texas kwa bahati nasibu ya viza, alisoma Kiingereza polepole, kamusi pajani. Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa kusafishwa damu, na muda wote wa kuwasubiri garini yeye huuona zawadi. Wanawe, Riyadh na Hadiya, humsahihisha matamshi. Huwashukuru na kuendelea. Amesoma vitabu vingi, na amevifurahia kwelikweli. Ila mlango ule ulibaki pale pale, na yeye nje yake.

Mwaka jana, kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Wete, mtu alituma ujumbe wa sauti akitangaza mchele na karafuu dukani kwake Gulfton, Houston. Katikati akacheka, na Shamte akamjua Abdulhafidh kwa kicheko kabla mwenyewe hajataja jina.

"Una-drive masaa manne kwenda kuuliza nani kafungua mlango?" Khairiya akauliza.

"Manne na nusu, kukiwa na traffic."

"Baba Riyadh, si um-call tu?"

"Nikim-call atanidanganya tena."

Jumapili asubuhi akaondoka. Alimkuta Abdulhafidh ana kipara na kitambi, kicheko ni kile kile. Wakakumbatiana, ikaja chai ya tangawizi, wakaulizana hali za wazee. Kisha Shamte akauliza lililompeleka. Abdulhafidh akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Shamte, mie nilikuwa sijui kusoma," akasema. "Nikiangalia picha tu. Ningekirudisha, Bi Nusra angenisimamisha mbele ya watu."

Shamte aliona haya. Miaka yote alimhesabu mwenzake kuwa mchoyo.

Abdulhafidh akamweleza kwamba alijifunza kusoma ukubwani, hapo Houston, kwenye darasa la Kiingereza la wageni, na Kiswahili kikafuata chenyewe. Mama yake alipofariki, alikikuta kipande sandukuni mwa marehemu. Akainama chini ya kaunta, akakitoa. Jalada la mfuko wa saruji, uzi mweusi.

Shamte akakipokea, na vidole vyake vikaanza kuutafuta ukurasa wa mwisho. Kisha akakirudisha.

"Nisomee wewe."

Abdulhafidh akavaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Mlango ulifunguliwa na jirani, shoga yake Bi Mize wa kila siku, aliyekuwa ameuambia mtaa mzima kwamba anajua kushona. Hakujua. Aliichukua cherehani ajifunze kwa siri, na sasa alisimama mlangoni, kitambaa mkononi, hana pa kuficha uso.

Abdulhafidh akaondoa kidole kwenye mstari.

"Nilitembea na hadithi hii kwenye mkoba siku zote zile," akasema, na akafunua kurasa kwa haraka. "Ngoja nikupe mwisho, umengoja sana."

"Mwisho utatusubiri," Shamte akamwambia, akasogeza kiti karibu. "Soma polepole."