Jani Lenye Nyuzi

Matope ya chumvi yana harufu yake, nusu samaki nusu yai bovu, na mimi niliipenda tangu Jumapili ya kwanza Mama aliponipandisha treni kutoka Peckham kwenda pale Mto Thames unapoingia baharini. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, Mgiriama wa Kilifi aliyekuwa akitunza wazee London, alikuwa amechoka na mchicha wa kufungwa kwenye plastiki. Alisema wazi kwamba nchi isiyo na mboga ya kuokota hawezi kuiita kwao. Kiangazi kile aliipa London nafasi ya mwisho, nami niliogopa sana tusije tukafunga mizigo kurudi Kilifi.

Aliyetupeleka ni Bi Jean, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyekulia pwani ile. Alianza kutufundisha kwa plantago pana, mmea unaoota kando ya njia zetu za Peckham: chana jani, nyuzi zitaning'inia. Plantago ya bahari ni ndugu yake, alisema, mwenyeji wa matope yale, haikuletwa na mtu. Jani lake ni jembamba na nene, lakini nyuzi ni zile zile. Kuna jani jingine linalofanana nalo, halina nyuzi, na likiliwa bichi lina sumu. Mama alisikiliza kwa adabu, akili yake iko jikoni.

Kwao, mwokota mboga huionja kwanza yeye kabla ya watoto. Basi alijaza mfuko, akafikicha jani kiganjani, akacheka. "Linanukia dania! Hili letu kabisa." Alikuwa ameshalitia mdomoni nilipochana langu. Lilikatika bila uzi hata mmoja.

"Mama, tema! Halina nyuzi!"

Mama hakuwa mtu wa kuamrishwa na mtoto. Lakini alitema, akasukutua kwa chai ya Bi Jean, akamwaga mfuko mzima. "Haya, wewe ndiwe mwenye macho," akasema. "Chuma wewe, mimi nitapika." Jioni alizipika zile nilizochuma kwa tui la nazi, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Siku hizi maduka ya Peckham yamejaa mboga zetu, hadi kisamvu cha barafu, na wanangu hunijibu kwa Kiingereza nikiwaita kuchambua. Mwaka jana Mama alistaafu, akaenda Kilifi akisema harudi tena. Alikuta nyumba zimejengwa kila alipozoea kuokota. Miezi michache baadaye nilipompokea tena uwanja wa ndege wa London nilimwonea huruma, nikamuuliza kulikoni.

"Kule hakuna tena pa kuinama," akasema. "Nimerudi kwetu."